Jibu Kamili na Jibu la Seremala

Nina deni la mbao moja. Sikilizeni kisa changu.

Likizo ya Agosti nilimsaidia mjomba wangu, ambaye ni seremala. Alitaka mbao ya kupita mshazari, pembe hadi pembe, ndani ya fremu ya mraba yenye upande wa mita 1. Kwa kuwa nimesoma kanuni ya Pythagoras, nilijibu upesi, "Mjomba, ni mita kipeuo cha pili cha 2."

Akacheka. "Na kwenye futi yangu kipeuo hicho kiko wapi, mpwa wangu?"

Kwa aibu nikasema, "Basi kata 1.4." Akakata sentimita 140. Lo! Ilipungua kwa zaidi ya sentimita 1. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni nilitafakari. Kipeuo cha pili cha 2 ni jibu kamili: kizidishe kwa chenyewe, unapata 2 barabara. Lakini desimali zake hazina mwisho. Hakuna futi itakayozionyesha zote. Ndiyo maana tunakadiria, na kukadiria kuna njia yake. Anza na 1.5. Gawanya 2 kwa 1.5, kisha tafuta wastani wa hizo mbili: 1.4167. Rudia mara moja tu, unapata 1.4142. Ukiizidisha kwa yenyewe ni 1.99996164. Si 2 kamili, lakini kwenye mbao ya mjomba kosa hilo ni dogo kuliko unene wa unywele!

Msidhani kukadiria ni kazi ya wavivu. Mwaka 1824 Niels Henrik Abel wa Norway alithibitisha kuwa milinganyo ya kipeo cha tano haina kanuni moja ya kuitatua yote kwa hesabu za kawaida na vipeuo. Hapo hata profesa hukadiria.

Je, jibu kamili ni bure? La hasha! Hilo ndilo kisima: unachota desimali 2 au 10 kulingana na kazi yako. Kosa langu halikuwa kukadiria. Kosa langu ni kwamba sikujiuliza kwanza kazi ya mjomba ingevumilia kosa la kiasi gani.

Kwa hivyo wenzangu, mkikadiria, semeni mmekadiria hadi wapi. Mimi naitua kalamu, nikaitafute mbao ya mjomba.