Bahari Hulindwa kwa Mshahara wa Kila Mwezi

Mwaka 2019 watu 12 walikaa wiki tano Aldabra, kisiwa cha mbali cha Shelisheli, wakiokota taka za plastiki ufukweni. Walikusanya nyavu chakavu, kamba, maboya na kandambili mpaka zikatimia tani 25. Watafiti walioshika hesabu walikadiria kwamba zaidi ya tani 500 zilibaki nyuma, zikiwemo kandambili zinazoweza kufikia 360,000. Aldabra haina kijiji wala soko. Ukiacha wahifadhi wachache wa kituo cha utafiti, wenyeji wake ni kobe wakubwa zaidi ya 100,000. Kandambili zile zilivuliwa nchi nyingine, mawimbi yakazileta.

Kazi ile iligharimu takriban dola 224,500 za Marekani, yaani karibu dola 9,000 kwa kila tani. Kusafisha kisiwa chote, kwa makadirio ya watafiti hao, kungehitaji dola milioni 4.68. Mlipaji ni nani? Swali hilo moja linatosha kueleza biashara nzima ya kuhifadhi bahari katika nchi ndogo ya visiwa.

Shelisheli ina visiwa 115, watu takriban 100,000 na ardhi isiyozidi kilomita za mraba 460. Bahari yake ni kilomita za mraba milioni 1.35, hivyo kila kilomita ya ardhi inabeba karibu kilomita 3,000 za maji. Machi 2020 serikali ilifikisha asilimia 30 ya bahari hiyo chini ya ulinzi, kilomita za mraba 410,000. Ni eneo linalozidi theluthi mbili ya Kenya, na linalindwa na nchi yenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za Tanzania.

Tiketi ya getini

Chanzo cha fedha kilicho rahisi kueleweka kiko kisiwani Praslin, kwenye lango la msitu wa Vallée de Mai. Mgeni analipa kiingilio, anapewa tiketi, kisha anaingia chini ya minazi ya coco de mer, yenye mbegu kubwa kuliko za mimea yote duniani. Msitu huo na Aldabra vyote ni urithi wa dunia na vinasimamiwa na taasisi moja, Seychelles Islands Foundation, iliyoundwa mwaka 1979. Watalii humiminika Praslin. Aldabra, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mji mkuu Victoria na karibu zaidi na Mtwara, hufikiwa na wachache mno. Kwa hiyo kiingilio cha Praslin ndicho kinachosaidia kununua mafuta ya boti za Aldabra, chakula cha walinzi na vipuri vya mashine.

Utaratibu huu ni mzuri, lakini unasimama kwa mguu mmoja. Mwaka 2019 Shelisheli ilipokea wageni zaidi ya 384,000. Mwaka uliofuata, korona ilipofunga viwanja vya ndege, walishuka hadi takriban 115,000. Kasa waliendelea kupanda pwani kutaga mayai na doria zilihitajika vilevile, huku mkusanyo wa getini ukiporomoka.

Deni lililogeuzwa mfuko

Chanzo cha pili ndicho kilichoipa Shelisheli jina duniani. Mwaka 2008 nchi ilishindwa kulipa deni lake la nje. Miaka michache baadaye, kwa msaada wa shirika la The Nature Conservancy la Marekani, ilikubaliana na wakopeshaji wa Klabu ya Paris kununua tena deni la dola milioni 21.6 kwa dola milioni 20.2. Fedha hizo zilikuwa mkopo wa dola milioni 15.2 na misaada ya dola milioni 5. Serikali haikuacha kudaiwa. Ilibadilisha anayeidai: sasa inalipa mfuko wa amana wa nyumbani uitwao SeyCCAT, wenye bodi yake, nje ya hazina ya serikali.

Punguzo lenyewe lilikuwa dogo, dola milioni 1.4 tu. Faida kubwa iko kwenye ratiba ya malipo. Sehemu moja ya marejesho inalipa ule mkopo. Nyingine huleta takriban dola 430,000 kila mwaka kwa miaka 20, ambapo dola 280,000 hutolewa kama ruzuku kwa miradi ya bahari na dola 150,000 huwekwa akiba, ili mfuko uendelee kuishi deni likiisha.

Pima dola 280,000 hizo kwa mizani ya kandambili za Aldabra. Wiki tano za kusafisha, ambazo zililipiwa kwa michango mingine, zingemeza sehemu kubwa ya ruzuku ya mwaka mzima. Kusafisha kisiwa chote kungemeza ruzuku ya zaidi ya miaka 16. Mpango uliosifiwa kila kona ya dunia unatoa fedha za kuaminika, ila ni chache kwa bahari yenye upana ule.

Hatifungani ya buluu

Oktoba 2018 Shelisheli ikawa nchi ya kwanza duniani kuuza hatifungani ya buluu, yaani ya kugharimia kazi za baharini. Ilikopa dola milioni 15 kwa miaka 10 kutoka kwa wawekezaji watatu wa Marekani, kwa riba ya asilimia 6.5. Benki ya Dunia ilidhamini dola milioni 5, na mkopo nafuu wa dola milioni 5 kutoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia unafidia sehemu ya riba, hivyo mzigo wa nchi unashuka hadi asilimia 2.8. Kwa mwaka, tofauti hiyo ni zaidi ya dola 550,000. Bila wadhamini wa nje, hesabu isingekubali.

Dola milioni 3 zilielekezwa SeyCCAT kwa ruzuku, na milioni 12 Benki ya Maendeleo ya Shelisheli kwa ajili ya kukopesha biashara za bahari. Tahadhari inahitajika hapa. Ruzuku ya kupanda matumbawe haizai fedha za kurudisha mkopo, na kiwanda cha samaki kinachozaa fedha hizo kinaweza kuongeza uhitaji wa samaki. Mwaka 2028 hatifungani itaiva, na mwenye fedha zake atataka dola, si matumbawe.

Wanaotumia wachangie

Tangu Agosti 2023 mgeni hulipa tozo ya mazingira ya rupia 25, 75 au 100 kwa usiku, kulingana na ukubwa wa hoteli. Watu wawili wakilala wiki moja katika hoteli ya kati wanaacha rupia 1,050. Tozo hii haihitaji mdhamini wala mwanasheria wa kigeni.

Meli za jodari nazo zinapaswa kutazamwa kwa jicho hilohilo. Chini ya mkataba ulioanza 2020, Umoja wa Ulaya ulikubali kulipa euro milioni 5.3 kwa mwaka: milioni 2.5 za ruhusa ya kuvua na milioni 2.8 za kuendeleza uvuvi wa nchi. Watafiti wa Aldabra walibaini kwamba asilimia 83 ya uzito wa taka zile ilitokana na sekta ya uvuvi. Anayechuma baharini na kuacha nyavu ufukweni ana deni la kusafisha, na deni hilo linapaswa kuandikwa ndani ya kila leseni ya uvuvi, tena kwa tarakimu.

Somo kwa pwani yetu

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuanzi sifuri. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ni za tangu 1968, Hifadhi ya Mafia ni ya 1995. Zanzibar, kisiwa cha Chumbe kimeendeshwa kwa miongo kadhaa na mapato ya wageni wanaolala katika vibanda saba tu, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi. Chumbe, kama Praslin, inatufundisha kwamba mlinzi akilipwa na bahari anayoilinda, ulinzi hudumu. Korona ikatufundisha nusu ya pili: chanzo kimoja hakitoshi, na mwaka wa neema lazima uweke akiba ya mwaka wa dhiki.

Zanzibar inapouza uchumi wa buluu kwa wawekezaji, na serikali zetu zinapoitwa mezani kubadilisha madeni, swali la kwanza lisiwe ni kilomita ngapi zitatangazwa kuwa hifadhi. Tuulize mafuta ya boti ya mwaka wa kumi na moja yatatoka mfuko gani, nani anashika hesabu zake, na mvuvi aliyefungiwa mwamba wake ana kiti kwenye bodi au hana. Zile dola 150,000 ambazo Shelisheli inaziweka kando kila mwaka haziwezi kupamba gazeti. Ndizo ningeziiga kwanza, kwa sababu ndizo zitakazomlipa mlinzi wa Aldabra wakati waliosaini mikataba wote wamekwisha kustaafu.