Soja yenye vinundu vingi na mavuno kidogo: shida iko ndani ya mzizi

Wakati wa maua, mkulima wa Kabare ao Walungu aking'oa mche wa soja, anaona vinundu vidogo vimeshikamana na mizizi. Kuna wanaofikiri ni ugonjwa, wanatupa mche. Wengine walifundishwa kwamba ni mbolea, wanafurahi. Lakini kuviona tu haitoshi, inafaa kukikata kimoja kwa kisu ao ukucha. Kama ndani ni nyekundu sawa nyama, kazi inaendelea. Kama ni nyeupe, na soja imekwisha kutoa maua, basi mle ndani kuna wageni wanaokula bure.

Wageni hao ni bakteria wanaoitwa rizobia. Hewa tunayovuta ina azoti kwa asilimia 78, ile ambayo vitabu vya Kenya na Tanzania vinaita naitrojeni. Mmea hauwezi kuila moja kwa moja. Rizobia ndio wanaoigeuza ikawa chakula cha mmea, na mmea unawalipa sukari. Mwaka 1888 mtaalamu wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, alifaulu kuwatoa bakteria hao ndani ya vinundu na kuwafuga peke yao.

Sasa, kwa nini wengine hawafanyi kazi? Jibu liko katika jeni zao.

Kwanza kuna jeni za mlango. Mzizi unatoa harufu yake katika udongo. Bakteria ana jeni inayoitwa nodD, ndiyo pua yake. Akisikia harufu anayoijua, anawasha jeni zingine, nodA, nodB na nodC, ambazo zinatengeneza kitu sawa ufunguo. Unywele wa mzizi unajikunja, bakteria anaingia, kinundu kinaanza kuota. Kila mmea na ufunguo wake. Soja inafunguliwa zaidi na bakteria wa jamii ya Bradyrhizobium, maharagi na wale wa jamii ya Rhizobium. Ndiyo maana dawa ya soja haisaidii kitu kwenye maharagi, hata muuzaji akisema vipi.

Kisha kuna jeni za kazi, zinazoitwa nif. Hizo zinajenga mashine ya kukamata azoti, nitrojenazi. Mashine hiyo ina kasoro moja kubwa: oksijeni inaiharibu. Kwa hiyo mmea unatengeneza kitu kinachofanana na damu yetu, leghemoglobini, ambacho kinashika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo. Ule wekundu ndani ya kinundu ni huo.

Kumbe kufungua mlango na kufanya kazi ni jeni tofauti. Bakteria anaweza kuwa na ufunguo mzuri na kuwa mvivu ndani. Tena jeni hizi zinasafiri. Katika magharibi ya Australia, wakulima walipanda mmea wa malisho unaoitwa biserrula pamoja na bakteria walioletwa. Ndani ya miaka 6 hivi, watafiti walikuta bakteria wengine wa udongo wamepokea zile jeni kutoka kwa walioletwa. Waliweza kuingia katika mizizi, lakini wengi wao hawakuulisha mmea vizuri, na wengine hawakuulisha kabisa.

Maharagi yetu yana shida ya namna hiyo: yanawafungulia bakteria wengi sana, wazuri na wavivu. Soja yenyewe ilitoka Asia, na mara nyingi udongo wa Afrika hauna bakteria wake wa kutosha. Ndiyo maana watafiti wa IITA kule Nigeria walizalisha mbegu za TGx, zinazokubali hata bakteria wa hapa. Na mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009, ulileta katika Kivu ya Kusini mafunzo ya kupaka mbegu bakteria kabla ya kupanda.

Hapa ndipo wamama wengi wanapoteza pesa. Ile pakiti siyo mbolea, ni viumbe hai. Ikikaa juani sokoni, ao kwenye mfuko wa nailoni juu ya pikipiki kuanzia asubuhi hadi jioni, bakteria wanakufa, na mtu ananunua vumbi. Mbegu inapakwa kivulini, inapandwa siku hiyo hiyo, inafunikwa haraka. Isichanganywe na mbegu iliyotiwa dawa ya kuua kuvu.

Hata bakteria wazuri wanashindwa kama udongo una asidi kali ao hauna fosfori, na sehemu nyingi za Walungu ziko hivyo. Samadi na majivu vinasaidia kidogo. Na mtu akimwaga urea nyingi, mmea unaona azoti ipo tayari, unaacha kuita wageni.

Kwa kupima, mche usivutwe kwa nguvu, juu vinundu vinabaki chini. Uchimbwe na jembe, miche 5 hivi kutoka pande mbalimbali za shamba, wakati maua yametoka. Mbegu zikikomaa ni kuchelewa: hapo hata vinundu vilivyofanya kazi vizuri vinageuka kijani ao kahawia.