Mzimu wa Watu wa Kale: Msomaji mpya atarajie nini?

Msomaji anayekifungua kwa mara ya kwanza kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, hutarajia kukutana na mizimu. Hadithi yenyewe humpa sababu ya kutarajia hivyo. Tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa ameuawa, na mahali palipotokea mauaji hayo ni pale ambapo jina lake tu linatosha kuwatia watu hofu.

Riwaya hiyo ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58, lililoandaliwa na East African Literature Bureau, na ikachapishwa mwaka 1960. Mwandishi wake, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufariki dunia mwaka 1991, aliwahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti.

Hadithi za namna hii zina ukoo mrefu. Nchini Uingereza, Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto mwaka 1764, na humo ngome kuukuu ina mizimu ya kweli. Ann Radcliffe, katika The Mysteries of Udolpho ya mwaka 1794, alishika njia nyingine: humtia msomaji hofu, kisha mwishoni humwonyesha kuwa kila kilichomtisha kilikuwa na sababu ya kawaida. Arthur Conan Doyle aliifuata njia hiyo katika The Hound of the Baskervilles ya mwaka 1902, ambamo mpelelezi Sherlock Holmes anamsaka mbwa anayedhaniwa kuwa wa kishetani.

Muhammed Said Abdulla yuko upande wa Radcliffe na Doyle. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, haanzi kwa kuwauliza waganga. Anauliza nani alimwona marehemu mara ya mwisho, nani alikuwa na kinyongo naye, na nani angenufaika na kifo chake.

Kwa msomaji wa Mogitu, wilayani Hanang, mambo mawili yanahitaji maelezo. La kwanza ni lugha. Anayezungumza Kiiraqw au Kibarabaig nyumbani atakutana na Kiswahili cha Unguja chenye misemo na mizaha ya visiwani. Asikate tamaa, kwani mazungumzo ndiyo yanayoibeba hadithi, na neno gumu mara nyingi hufunuliwa na jibu linalofuata.

La pili ni mzimu wenyewe. Katika Kiswahili, mzimu si roho ya kutisha pekee, bali pia ni mahali ambapo watu huwakumbuka waliotangulia na kupeleka maombi yao. Mtu wa Hanang ana mfano wa karibu. Wabarabaig huwajengea wazee wao wenye heshima kilima cha udongo juu ya kaburi, nacho hubaki kuwa mahali pa kuenziwa. Anayejua heshima hiyo ataelewa haraka kwa nini muuaji angependa kujificha nyuma ya mahali kama hapo: watu wakishaamini kuwa wazee wa kale ndio walioua, hakuna atakayemtafuta mtu.

Hapo ndipo uzito wa kitabu ulipo. Tanzania imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na mara nyingine nyuma ya tuhuma hizo kumekuwa na ugomvi wa shamba au urithi. Riwaya hii haiwadharau wanaoheshimu wahenga wao. Inachokataa ni heshima hiyo kugeuzwa pazia la kufichia uhalifu.

Jina la muuaji halitatajwa hapa, kwa kuwa atakayelijua mapema atakuwa amepoteza nusu ya utamu. Msomaji mpya asome polepole, ashike majina na uhusiano wa wahusika, hasa nani ni mtoto wa nani, na asidharau jambo dogo linalotajwa kama mzaha. Akimaliza, aendelee na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, ambamo Bwana Msa anarudi kazini.