Koo za Kirusi cha Ini na Sahani ya Jirani

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Korogwe alikwenda kumtolea damu nduguye mgonjwa. Damu ilipopimwa, akaambiwa anacho kirusi cha homa ya ini aina ya B. Habari ikamtangulia nyumbani. Jioni akatengewa sahani yake, na wenye midomo wakasema ni malipo ya zinaa. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Alama ya kirusi hiki katika damu ilitangazwa mwaka 1965 na Mmarekani Baruch Blumberg. Maandishi ya asili yake ni herufi kama 3,200 tu, lakini kila kikizaana hunakiliwa bila kusahihishwa, kama mtoto wa chuoni anakilivyo ubao pasipo mwalimu kuupitia. Makosa yakirundikana miaka mingi, koo hutengana. Zikihitilafiana zaidi ya herufi 8 katika kila 100, hupewa majina mbalimbali. Hivi leo zahesabiwa 10, tangu A hadi J.

Ukoo wa E umejaa Afrika Magharibi. B na C ni za mashariki ya Asia. Kwetu Tanzania mkubwa ni A, hasa tawi lake la A1, na jirani zetu wa Kenya wana D pamoja na huo A. Tawi hilo la A1 limeonekana hata Bara Hindi na Brazili, na wataalamu wengi huona kuwa lilisafiri na majahazi ya biashara na merikebu za watumwa. Si ajabu. Handeni ilipitiwa na misafara ya bara, na mkonge wa Korogwe uliita vibarua wa kila upande. Watu wakikutana, yaliyomo damuni mwao hukutana. Wala A1 si la kupuuzwa: Afrika Kusini limeambatana na saratani ya ini kwa watu walio bado vijana.

Lakini njia yake ndiyo tuliyoikosea. Katika Afrika wengi hukipata utotoni, kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao. Mtoto mchanga akiambukizwa, kadiri ya 9 katika 10 hubaki nacho. Mtu mzima kwa kawaida hukishinda. Yumkini kijana wetu alikuwa nacho kabla hajaijua alifu! Kirusi hakipiti kwa chakula wala kwa sinia moja. Hupita kwa damu na kwa kujamiiana: wembe mmoja kwa vichwa viwili, kisu cha tohara kinachopokezanwa, wembe wa mpiga chuku. Hayo hatukuyaogopa, tukaogopa sahani.

Chanjo moja huzikinga koo zote, maana sehemu ya ganda inayotambuliwa na mwili zinashirikiana. Tanzania iliianza kwa watoto wachanga mwaka 2002, nao huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. (Hata chanjo ya malaria iliyojaribiwa kwa watoto wa Korogwe na Bagamoyo imeundwa pamoja na ganda la kirusi hiki.) Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, wengi hatukuipata; yafaa tupimwe, na asiyenacho achanjwe.

Kijana yule sasa hupimwa ini kila miezi sita. Ijumaa iliyopita nilimwita tule. Kwa mazoea alikuja na sahani yake mkononi. Nikaipokea, nikaiweka kando, nikamsogezea sinia.