Fereti Mbele ya Sheria

Wanyama wa nyumbani wanaopewa pasipoti katika Umoja wa Ulaya ni watatu tu: mbwa, paka na fereti. Huyu wa tatu wengi wetu hatujamwona. Ni mrefu, mwembamba, uzito wake kilo moja hivi, na ni wa ukoo wa nyegere, kicheche na fisi-maji. Huko Ulaya amefugwa kwa zaidi ya miaka 2,000, hasa kwa uwindaji: anaingizwa shimoni kumtimua sungura, na mwindaji anasubiri nje na wavu.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha New Zealand mwishoni mwa karne ya 19. Sungura walioletwa na walowezi walikuwa wakimaliza malisho ya kondoo, basi fereti wakaagizwa kwa maelfu na kuachiwa porini. Lakini visiwa vile havikuwa na mamalia wa asili wa nchi kavu isipokuwa popo, na ndege wake hawakuwahi kujifunza kumkimbia mnyama wa namna hiyo. Mmoja wa ndege hao, kiwi, haruki, hutembea usiku na kutaga shimoni. Fereti haishii kwa vifaranga. Humuua hata kiwi mzima, aliyemzidi uzito. Juu ya hayo hubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Mwaka 2002 nchi hiyo ikapiga marufuku kumuuza, kumzalisha na kumsambaza.

Kwa hiyo swali la sheria si kama fereti ni mpole sebuleni. Ni nini kitatokea usiku atakapotoroka. Hawaii, ambako kuna ndege wanaotaga chini na hakuna kichaa cha mbwa, anayekamatwa akiwa na mnyama aliyekatazwa kama huyu anaweza kutozwa faini ya hadi dola 200,000 na kufungwa hadi miaka 3. California nayo inamkataza, ingawa majirani zake Nevada, Oregon na Arizona wanamruhusu. Hapo hoja ya mazingira inanipwaya kidogo: mpaka wa jimbo si bahari.

Woga mwingine ni wa meno. Kabla ya 1990 Marekani haikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoidhinishwa kwa fereti, wala haikujulikana virusi hukaa kwenye mate kwa muda gani kabla ya dalili. Aliyeuma mtu aliuawa, ubongo wake ukapimwa. Chanjo ikaja, utafiti ukafuata, na leo mwongozo wa afya unaruhusu fereti mzima aliyeuma mtu achunguzwe kwa siku 10, sawa na mbwa. Jiji la New York halikushawishika: mwaka 2015 bodi yake ya afya ilipigia kura pendekezo la kuondoa marufuku, kura hazikutosha.

Ulaya imechagua karatasi badala ya marufuku. Fereti huwekwa chipu kwanza, huchanjwa akiwa na angalau wiki 12, kisha husubiri siku 21 ndipo avuke mpaka.

Pasipoti hiyo haimwambii mfugaji kila kitu. Jike asiyepandwa hubaki kwenye joto kwa miezi, na homoni zake huweza kuharibu uboho wa mifupa hadi afe kwa kukosa damu. Ndiyo maana wengi huhasiwa. Tena fereti huambukizwa influenza yetu, jambo lililowawezesha watafiti wa London kuvitambua virusi vyake mwaka 1933. Mwenye homa hiyo amwachie mwingine kazi ya kumlisha.