Antoine de Bourbon na Nyumba Iliyogawanyika

Tumtazamapo Antoine de Bourbon, Mfalme wa Navarre, twaona jinsi Matengenezo ya Kanisa yalivyoingia hata kati ya mume na mkewe. Alizaliwa mwaka 1518 huko La Fère, katika ukoo uliotokana na Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa. Undugu huo ulikuwa wa mbali, lakini ulitosha kumweka karibu na kiti cha enzi.

Ufalme wa Navarre aliupata kwa ndoa, alipomwoa Jeanne d'Albret mwaka 1548. Ndugu zake walishika njia mbili: Charles alikuwa kardinali, naye Louis wa Condé akawa jemadari wa Wahugenoti. Antoine aliyumba. Alisikiliza wahubiri wa Kiprotestanti, kisha akarudia misa, hasa (kwa maoni yetu) kwa tumaini kwamba Hispania ingemfidia nchi ya Navarre iliyotekwa mwaka 1512. Jeanne hakuyumba, alikiri imani yake hadharani wakati wa Krismasi ya 1560. Mwaka 1562 mumewe alimwondosha katika jumba la mfalme, akambakiza mtoto wao Henri na kumlazimisha kwenda misa.

Mwaka huo huo Antoine, akiwa upande wa Wakatoliki, alijeruhiwa kwa risasi mji wa Rouen ulipozingirwa, akafa tarehe 17 Novemba. Husimuliwa kwamba kitandani aliahidi kushika Ungamo la Augsburg endapo angepona. Henri, mwenye miaka 8, alirudishiwa walimu wa Kiprotestanti na mamaye. Ndiye Mfalme Henri wa 4, aliyetoa Amri ya Nantes mwaka 1598.