Antaktika: kwa nini upepo huharibu kipimo cha theluji

Kila inaposambaa picha ya kituo cha utafiti cha Antaktika kilichofukiwa na theluji hadi madirishani, naulizwa: kama theluji ni nyingi hivyo, habari za barafu kupungua zimetoka wapi? Wala hakosekani mjuaji wa mitandaoni wa kutangaza kwamba wanasayansi wanatudanganya.

Sehemu kubwa ya theluji ile haikuanguka pale. Imepeperushwa kutoka kwingine ikarundikana ukutani. Antaktika ni jangwa: setilaiti ya CloudSat ilikadiria wastani wa milimita 171 tu za maji kwa mwaka.

Kwa nini setilaiti, wakati kipima mvua kipo? Hapa ndipo penye utamu. Tone kubwa la mvua hushuka mita kadhaa kwa sekunde, theluji kama mita 1 tu. Upepo ukikigonga chombo hupanda na kuongeza kasi juu ya mdomo wake. Tone zito hutumbukia ndani, lakini chembe ya theluji hufuata hewa na kupita juu kama tiara iliyokatika uzi. Chombo kisicho na kinga, upepo ukiwa mkali, huweza kukosa zaidi ya nusu ya theluji. Upepo ukizidi, theluji ya zamani hunyanyuka ardhini na kuingia chomboni huku mawingu hayajashusha kitu. Chombo kilichopunja jana leo kinazidisha!

Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaweka kipimo cha marejeo: chombo ndani ya uzio maradufu wa mbao wenye pembe nane, wa nje ukiwa na kipenyo cha mita 12, wa ndani mita 4. Mbao huachiwa nafasi ili upepo upenye ukiwa umechoka.

Setilaiti nayo ina upofu wake: mwangwi wa rada yake kutoka ardhini huificha takriban kilomita ya mwisho ya anga. Huko chini, katika pwani ya Adélie, upepo mkavu unaoporomoka kutoka bara hugeuza sehemu ya theluji kuwa mvuke kabla haijatua.

Kwa hiyo ukitajiwa kiwango cha theluji ya huko, uliza kimepimwa kwa chombo gani, na kama kimerekebishwa kwa ajili ya upepo. Barafu yenyewe imepimwa kwa mvutano wake tangu 2002 na setilaiti pacha za GRACE, kisha na zile zilizozirithi, na inapungua kwa wastani wa zaidi ya tani bilioni 100 kwa mwaka. Picha ya dirisha lililofukiwa haiwezi kulipinga hilo.